Marafa kwa siku moja kutoka Mombasa: fika alasiri, si adhuhuri

Korongo la Marafa linastahili siku nzima ya mtu wa Mombasa. Tunalisema hilo mapema kwa sababu wapo wengi wanaorudi kutoka huko wakinung'unika kwamba ni mashimo ya udongo tu na jua la kuua. Wengi wao walipelekwa saa mbaya. Saa sita mchana jua liko utosini, kuta hazina kivuli, na rangi zote zimefifia mpaka huwezi kujua tabaka moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Ukisimama ukingo uleule saa kumi na moja jioni, nyekundu imekolea, waridi imejitenga na chungwa, na nyeupe imeng'aa katikati yake. Hakuna kilichobadilika ila pembe ya jua.

Watalii wanalijua kwa jina la Hell's Kitchen, Wagiriama wenyewe wanapaita Nyari. Liko Magarini, Kaunti ya Kilifi, ndani kutoka Malindi kwa kilomita kama thelathini na kitu. Tusilichanganye na Hell's Gate ya Naivasha, kosa linalofanywa hata na wauzaji wa safari. Ile ni hifadhi ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ina pundamilia na baiskeli za kukodi. Hii ya Marafa inasimamiwa na jamii ya hapohapo, haina mnyama wa kutafutwa kwa darubini, na malipo yake hufanyika pale pale getini. Ukimwona mtu anakutafutia tiketi ya Marafa kwenye eCitizen, tovuti ya malipo ya huduma za serikali, mwambie atulie kwanza.

Tuanze na hesabu ya njia, maana ndiyo inayoamua siku yote. Mombasa hadi Malindi ni kilomita kama 120. Ukiongeza kipande cha kwenda Marafa, safari ya upande mmoja inakaribia kilomita 160, yaani 320 kwenda na kurudi, na 350 ukihesabu mizunguko ya mjini. Kwa muda, weka saa nne kutoka kisiwani hadi getini, hata kama ramani ya simu inakuahidi tatu. Ramani haijui soko la Kongowea asubuhi, wala malori ya Mtwapa. Kipande cha Mombasa hadi Kilifi kimekuwa kwenye kazi za upanuzi wa barabara, na mchepuko mmoja tu ukifungwa nusu saa yako imekwenda. Ukivuka daraja la Nyali kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni yote hiyo utaisikia redioni. Ukichelewa mpaka saa moja na nusu, kaa na subira yako.

Gari zinazouza safari hii kwenye hoteli za Nyali na Bamburi zina tatizo moja linalojirudia. Dereva anataka kurudi Mombasa kabla ya giza, kwa hiyo anaipanga Marafa katikati ya mchana na kukuteremsha korongoni saa sita au saa saba. Kwake ni ratiba safi. Kwako ni pesa zilizolipiwa jua. Kabla ya kutoa arbuni, uliza swali moja: tutafika getini saa ngapi? Jibu likiwa kabla ya saa tisa alasiri, omba wageuze mpangilio, Malindi na magofu ya Gede yaanze, Marafa ije mwisho. Akikataa, tafuta mwingine. Uliza vilevile kama bei imejumuisha kiingilio, mwelekezi na muda wa gari kusubiri, kwa kuwa hivi vitatu ndivyo huibuka baadaye kama nyongeza.

Wenye gari lao, mpangilio unaofaa ni huu. Toka Mombasa alfajiri, ingia magofu ya Gede mnamo saa tatu asubuhi wakati miti mikubwa bado inafunika njia kwa kivuli. Mji huo wa kale wa Waswahili uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na saa moja na nusu inatosha kuona msikiti mkuu, jumba la mfalme na makaburi bila kukimbia. Kutoka hapo Malindi ni kilomita kama kumi na tano. Fika saa tano, tembea mji wa kale kidogo, kula, pumzika. Asiyetaka kuamka na majogoo aache Gede, atoke Mombasa saa tatu na aende moja kwa moja kula Malindi. Atapoteza magofu, lakini jioni yake korongoni haitaguswa.

Kula Malindi, tena ule vizuri. Usiweke matumaini ya chakula cha mchana kule ndani. Wali wa nazi na samaki wa kupaka ni mtamu, ila ukishiba nao saa nane kisha ukateremka genge saa kumi utajuta. Kula saa sita, au kula chepesi. Asubuhi nunua mahamri na mbaazi za kufungasha, na viazi karai vya kutafuna njiani. Achari ya embe isisahaulike, chumvi yake inasaidia mtu anayetoka jasho. Korosho za Kilifi nunua wakati wa kurudi, mfuko usipikike garini mchana kutwa.

Wenye kuswali, umbali huu ni wa msafiri, kwa hiyo kukusanya Adhuhuri na Alasiri Malindi kabla ya kuondoka ndiyo njia nyepesi. Alasiri inaingia karibu kabisa na wakati ambao unapaswa kuwa unateremka.

Malindi ondoka saa nane na nusu, na usiondoke bila kujaza mafuta. Gari dogo lenye watu watano na kiyoyozi kimewashwa lihesabie kilomita kumi kwa lita, yaani lita 35 kwa siku nzima. Kagua gurudumu la akiba lina upepo na jeki ipo, ukiwa bado mjini ambako fundi yuko hatua mbili. Unashika barabara ya kwenda Lamu, unavuka daraja la mto Sabaki wenye maji mekundu ya tope yanayobadilisha rangi ya bahari ya Malindi kila mto unapofurika, kisha unaacha barabara kuu na kuelekea bara. Usitegemee mtandao wa simu ukuongoze mpaka mwisho. Pakua ramani mapema, na kwenye kila njia panda uliza kwa kutaja Marafa. Barabara za ndani hubadilika kwa mvua. Mvua ya usiku mmoja inaweza kugeuza sehemu laini kuwa utelezi, na gari la chini litakwaruza tumbo kwenye mifereji iliyochimbwa na maji. Piga simu kwa mtu wa Malindi asubuhi ile ile uulize njia ikoje.

Getini mambo ni rahisi. Unalipa, unaandikishwa, unapewa mwelekezi wa hapo kijijini. Bei za mwenyeji, mkaazi na mgeni ni tofauti, kwa hiyo kila mmoja abebe kitambulisho chake. M-Pesa ni sawa mtandao ukiwepo. Usipokuwepo, utaona faida ya noti ndogo mfukoni, elfu moja haina chenji kila mahali. Uliza wazi kabla ya kuanza kutembea kama pesa ya mwelekezi imo ndani ya kiingilio au ni kando. Na mchukue mwelekezi hata kama unajiona mzoefu. Njia za chini hubadilika kila msimu wa mvua. Yule anayepita kila siku ndiye anayejua ukuta upi ulianguka juzi.

Sasa korongo lenyewe. Unaanzia juu, kwenye ukingo, na ghafla nchi iliyokuwa tambarare inakatika. Chini yako, kina kinachofikia kama mita 30, minara na matuta membamba yamesimama kwa safu, mengine yamechongoka juu, mengine yamebaki kuta nyembamba kiasi cha kujiuliza yanasimamaje. Juu kabisa kuna mchanga mwekundu, ule mwekundu unaouona barabara nzima ya Magarini. Chini yake zinakuja tabaka za chungwa, waridi na zambarau iliyopauka, na chini zaidi nyeupe. Wekundu unatokana na madini ya chuma ndani ya mchanga yaliyoshika kutu. Pale ambapo chuma ni kidogo, mchanga unabaki mweupe.

Mawe haya ni mchanga ulioshikamana kidogo tu. Kwaruza jiwe kwa ukucha linatoka unga kama sukari guru. Ndiyo maana mvua inalichonga kwa wepesi. Maji hutiririka kutoka uwanda wa juu, yanatafuta ufa, yanauchimba kuwa mfereji, na mfereji unakula nyuma kuelekea ardhi ya juu mwaka baada ya mwaka. Mahali penye tabaka gumu kidogo, lile tabaka linakuwa kofia, linaukinga mchanga wa chini yake, na mnara unabaki umesimama wakati jirani zake zote zimesombwa. Kofia ikianguka, mnara nao hauna muda mrefu. Ukitazama kwa makini utaona minara yenye kofia bado ina mabega mapana, na ile iliyopoteza kofia imechongoka.

Maelezo haya yana matokeo mawili kwa miguu yako. La kwanza, ukingo wa juu mara nyingi umeliwa kwa chini. Unaonekana ardhi imara, kumbe ni ulimi wa udongo unaoning'inia. Kaa mita mbili nyuma ya ukingo, na ukiona ufa umekwenda sambamba na genge, simama upande wa bara wa ule ufa. Picha za kukaa miguu ikining'inia waachie wengine. La pili, usipande minara wala usiishike kujivutia juu. Haikubebi, na kila alama ya mkono na jina lililochorwa kwa kijiti ni uharibifu ambao mvua itaupanua. Majina yaliyochongwa kwenye kuta za njiani yanachukiza. Wasimamizi wangekuwa wakali zaidi hapo, na hili ndilo lalamiko letu kubwa kwa mahali hapa.

Kuteremka ni kwa njia iliyokanyagwa, yenye mwinuko mkali sehemu za juu. Kinachoangusha watu ni changarawe ndogo juu ya udongo mgumu. Teremka kwa hatua fupi, mguu ukae ubavu badala ya kunyooka mbele, uzito nyuma kidogo. Champali zinakatika hapa. Viatu vya raba vyenye soli ya meno vinatosha, buti si lazima. Wanaovaa buibui au dira ndefu wakunje pindo au wavae suruali chini, kwa sababu kukanyaga pindo kwenye mteremko ndiyo ajali inayoepukika kuliko zote. Leso moja ya ziada begani inafaa kwa jua, jasho na kukalia.

Chini kabisa upepo unakwisha. Uwe msimu wa kusi au wa kaskazi, kuta zinaukata, na mchanga mweupe unarudisha jua usoni. Hapo ndipo joto linawashangaza watu wa mwambao waliozoea upepo wa bahari. Maji lita mbili kwa kila mtu mzima ndicho kiwango cha chini kwa jioni. Atakayelazimika kushuka mchana abebe tatu. Soda haihesabiwi. Dalili za kuangalia ni kichwa kuuma, kichefuchefu na jasho kukatika ghafla. Ukiona moja, mtu akae kwenye kivuli cha ukuta ulio imara, amwagiwe maji shingoni, apewe mengine ya kunywa kidogo kidogo, kisha apandishwe polepole.

Mzunguko wa chini unachukua kama saa moja kwa mwendo wa kuangalia. Ukianza kushuka saa kumi, unapita mifereji myembamba kukiwa tayari na kivuli upande mmoja, unasimama kwenye uwazi ambapo minara inakuzunguka pande zote, na saa kumi na moja na robo uko juu tena. Hapo ndipo watu wengi huingia garini, na hapo ndipo wanapokosa. Nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi ndiyo yenye thamani ya safari. Tafuta sehemu ya ukingo ambapo jua liko mgongoni mwako na mbele yako kuna kuta zinazoangalia magharibi. Hizo ndizo zinazowaka. Mwambao wetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arubaini, kutegemea mwezi. Angalia saa kamili ya siku yako kabla ya kutoka Mombasa.

Kwa picha za simu, kosa ni kuiacha kamera ichague mwanga yenyewe. Inaona mwekundu uliokoza, inaongeza mwanga, na tabaka nyeupe inaungua. Gusa kioo kwenye sehemu nyeupe, kisha vuta mwanga chini kidogo mpaka uone mistari ndani yake. Weka mtu mmoja kwenye picha akiwa mbali, bila hivyo hakuna atakayeamini ukubwa. Droni haitaki haraka. Sheria ya Kenya inadai usajili na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na juu ya hapo ruhusa ya wenyeji.

Mwelekezi atakupa kisa cha familia tajiri iliyooga maziwa ya ng'ombe wakati majirani wana shida, mpaka Mungu akaididimiza nyumba yao ardhini. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Msikilize mpaka mwisho na usimkatize kwa somo la mmomonyoko.

Miezi mizuri ni Januari hadi Machi kwa anga safi, na Julai hadi Septemba kwa joto la chini kidogo. Aprili hadi Juni masika imeshika na Mei ndiyo mbaya zaidi. Vuli ya Oktoba na Novemba inabahatisha. Lakini rangi hukolea zaidi mchanga ukiwa na unyevu, kwa hiyo siku kavu ya pili au ya tatu baada ya mvua ni bora kuliko kiangazi kikavu kabisa, mradi njia ya gari imekauka. Wingu zito likionekana upande wa bara, usishuke, hata kama ulipo ni pakavu. Maji ya korongo hayaanzii korongoni. Septemba 2019 watu walikufa kwenye korongo la Hell's Gate, Naivasha, mafuriko yalipowashukia ghafla. Marafa ni dogo kuliko lile, lakini kazi ya kuchonga mifereji ile ilifanywa na maji hayohayo. Mwelekezi akisema leo hatushuki, basi. Kuangalia kutoka juu bado kunalipa.

Hilo la kuangalia kutoka juu ndilo jibu pia kwa wazee na wenye magoti mabovu. Ukingo unatosha kabisa, na kwa mwanga wa jioni huenda ukawa bora kuliko chini. Watoto chini ya miaka sita au saba hatuwashauri kushushwa. Mkubwa anayembeba mtoto hana mkono wa kujizuia. Ikibidi, mgongoni kwa leso ni afadhali kuliko kifuani, maana kifuani anakuficha miguu yako. Ramadhani, kwa mfungaji, safari hii isubiri Shawwal.

Wasio na gari wana kazi ya ziada. Matatu za Malindi ni nyingi, kutoka barabara ya Abdel Nasser, na hiyo nusu ya safari haina shida. Za Malindi kwenda Marafa ni chache, na zinapangwa kwa faida ya watu wa kijijini wanaoshuka mjini asubuhi, wala si za mgeni anayetaka kuona machweo. Usiende kwa matatu ukitegemea matatu kurudi baada ya magharibi. Kodi teksi Malindi kwa kwenda, kusubiri na kurudi, mkubaliane bei yote kabla, lipa nusu, na nusu mkirudi. Watu wanne wakichanga, gharama inakuwa ya kibinadamu. Bodaboda ni rahisi zaidi kwa bei, ila kurudi gizani kwenye vumbi bila kofia ngumu hatuwezi kukupendekezea.

Kurudi ndiko kunakowatisha watu, na hofu hiyo ina msingi. Ukiondoka getini saa kumi na mbili na nusu, Malindi utafika kama saa moja na nusu usiku, Mombasa saa nne au zaidi. Ni barabara yenye baiskeli zisizo na taa, punda, na matuta yasiyopakwa rangi. Kwa hiyo dereva wa kurudi asiwe yule aliyeshuka korongoni na kupanda. Awe na pumziko, au wawe wawili wabadilishane Kilifi. Vizuizi vya polisi vipo njiani, leseni na bima ziwe karibu. Kipande cha ndani, kabla ya Sabaki, usizidi kilomita 40 kwa saa hata kama njia inaonekana nyeupe, kwa kuwa mifugo hurejea zizini saa hizo hizo.

Asiyekuwa na dereva wa pili alale Malindi. Vyumba vya bei ya kawaida vinapatikana mjini, hasa nje ya Agosti na Disemba, na akitoka saa kumi na moja alfajiri yuko Mombasa kazini saa mbili, foleni ya Mtwapa ikiwa na huruma.